Jela na Vyote Vilivyomo

Jumamosi asubuhi Nazaria Armijo alifunga maharage na chapati za mahindi kwenye kitambaa, akaendesha gari hadi Makumbusho ya Dos Mesas kumchukua babu yake.

Makumbusho hayo yalikuwa jela enzi zile New Mexico haijawa hata jimbo. Chumba cha mbele kina cherehani, picha za masherifu wenye masharubu, na tandiko la farasi lililotolewa zawadi na familia ya Sorrell. Nyuma kuna selo mbili. Ya kushoto ni ya watalii, wanapigwa picha wameshika nondo na kununa. Ya kulia anakaa Eleuterio Armijo, kijana wa miaka ishirini na minane, anamsubiri jaji tangu mwaka 1909.

Alishtakiwa kuiba farasi. Farasi alikuwa wake mwenyewe, ila Sorrell aliyemtamani alikuwa shemeji ya sherifu, basi kesi ikawa kesi. Jaji hakuja msimu ule, wala uliofuata. Eleuterio, mtu wa kuheshimu sheria, akaona si adabu kufa kabla hajasikilizwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umezeeka jamani!"

"Na wewe hata mvi moja huna. Huoni aibu?"

Walicheka, wakala pamoja kitandani. Mchana mlango wa selo huachwa wazi.

"Jaji amefika?"

"Hajafika. Lakini nimepata nafasi makaburini, ubavuni kwa bibi. Babu, toka tu twende, ukapumzike. Ukoo mzima nimebaki mimi, na moyo wangu wenyewe mbovu. Nikifa, nani atakuzika?"

"Nitoke bila ruhusa?" Eleuterio alifuta mdomo. "Hapo ndipo nitakuwa mwizi kweli."

Ikabidi Nazaria aiombe hiyo ruhusa. Adhuhuri wanachama wa makumbusho walikutana chumba cha mbele, kila mmoja na bakuli lake la chakula, kama desturi yao. Mwenyekiti, Darlene Hofstetter, alimpakulia Nazaria saladi ya viazi kabla ya kusema lolote.

"Mpenzi, sisi tunampenda mno Eleuterio. Ila serikali ilipotukabidhi jela, ilitukabidhi jela na vyote vilivyomo. Yumo. Sasa ni mali ya makumbusho."

"Ni babu yangu."

"Najua, mpenzi. Lakini tukimtoa yeye, kesho wenye cherehani nao watakuja."

Mzee Clyde Sorrell alisema watoto wa shule humuulizia Eleuterio kwanza. Alisema kwa upole, wala hakuwa na ubaya wowote. Kura ikapigwa. Mikono yote iliinuka kukataa, pamoja na wa mama mmoja aliyekuwa akilia kwa dhati, leso usoni. Nazaria alitaka kupiga kelele. Badala yake akabaki ameshika sahani ya viazi mbele ya watu waliomtazama kwa huruma.

Hawakuwa watu wa kumwacha mtu aondoke mikono mitupu. Darlene alimbandika beji ya mhudumu wa kujitolea kifuani, akamwambia awe anakuja kila Jumamosi, akae na babu yake kadiri atakavyo. Wenzake wakapiga makofi. Nazaria akasema ahsante.

Mchana ule aliwaelekeza watalii chooni, akampiga picha bwana harusi mmoja selo ya kushoto. Eleuterio alimuuliza kama ruhusa imetoka.

"Bado, babu."

"Si neno. Jaji akija yataisha."

Saa kumi na moja makumbusho hufungwa, na kazi ya kufunga selo ni ya mhudumu wa zamu. Darlene alimkabidhi ufunguo, akaenda kuosha mabakuli. Nazaria alivuta mlango. Ulikuwa mzito, ukagoma katikati.

"Unanata hapo juu," alisema Eleuterio. Akainuka kitandani, akashika nondo, akausukuma kutoka ndani mpaka ukafungika. "Haya. Sasa zungusha."