Makopo Sita Darini

Nilifagia uwanja mara tatu asubuhi ile. Nyange, ami yake Safaa, alikuwa njiani kutoka Makoongwe kuja kumchukua.

Safaa nimemlea miaka kumi na miwili. Aliletwa kwangu hapa Pujini ana miezi sita, wazazi wake wamefariki, na Bi Ummkulthum wa ustawi wa jamii ndiye aliyemweka mapajani mwangu. Tangu siku hiyo hajaacha kuja: homa, shule, hata siku Safaa alipouliza kwa nini jina lake si letu. Sasa ami yake ameleta barua. Msichana amebaleghe, hawezi kukaa nyumba moja na mwanangu Zubeir, si maharimu wake, yaani dini yawaruhusu kuoana. Neno la dini hilo, ningebishana nalo vipi? Tangu barua ile Safaa anajifunga ushungi hata jikoni, na Zubeir anapiga hodi mlangoni kwao wenyewe. Roho iliniuma!

Nyange na Bi Ummkulthum walipofika tukakaa mkekani uani, Safaa ubavuni mwangu. Nyange alizungumza kwa upole, jambo lililonikera zaidi, maana mtu mpole utamgombezaje? Bi Ummkulthum akafungua faili lake, akarudia ukurasa mmoja.

"Bi Mwatima, hapa niliandika mtoto anatema maziwa ya kopo. Miezi miwili baadaye uzito umepanda vizuri kabisa. Alikuwa anakula nini?"

Nikaona haya mpaka masikioni. Karatasi ya ofisini ilisema maziwa ya kopo tu, nami niliogopa wakijua watanipokonya mtoto. Miaka yote nimeificha siri ile, hata barua ilipokuja hofu ikanifumba mdomo, mjinga mimi!

"Nlimnyonyesha," nikasema. "Zubeir ziwa hili, yeye hili."

Nyange akainuka nusu. "Mara ngapi?"

"Mara ngapi! Mpaka akaota meno akan'uma!"

"Mara tano za kushiba zatosha kuwafanya ndugu wa ziwa, hawaoani tena. Shahidi n'nani?"

"Miye!" ikapasuka sauti nyuma ya ua. Zulekha, jirani yangu, hakosi neno la watu. "Nlimuona kwa macho yangu! Kan'apisha nsiseme!"

Siku nyingine ningemrukia. Leo nilitamani kumbusu. Nikakimbilia ndani, nikashusha makopo sita ya maziwa ya ofisini toka darini, yana kutu, hayajafunguliwa hata moja. Bi Ummkulthum alicheka mpaka akafuta machozi.

Nyange akayageuza moja moja. "Basi n'ndugu," akasema. "Sina neno." Lakini machozi yalimlengalenga, maana Safaa ni mtoto wa nduguye. Bi Ummkulthum hakumwacha hivyo. Akaandika palepale kwamba kila likizo Safaa ataenda Makoongwe, na yeye mwenyewe atampeleka mara ya kwanza.

Nje mlangoni tukasikia, "Hodi!" Zubeir karudi kutoka madrasa.

Safaa akavua ushungi, akautupa mkekani, akaenda kufungua.

"Hodi ya nini, kaka? Ingia uoshe vyombo."