Picha Kumi na Moja Bila Ismaily

Mtu akiniuliza nimefanya nini cha maana hapa duniani, namwonyesha albamu. Mikorosho yangu ya Chinongwe inatia huruma, na mke wangu Hadija anasema hata ndoa yetu anaitunza yeye peke yake. Lakini albamu ya kikundi chetu cha maigizo, Chapakazi, nimeitunza miaka thelathini na nane kwenye sanduku la bati, mbali na mchwa na wajukuu.

Ndiyo maana Titus, kijana wa nyaraka kutoka Dar, alipokuja kuichukua ikahifadhiwe, nilivaa koti na jua lote lile. Akavaa glovu nyeupe, akafunua ukurasa mmoja mmoja.

"Hongera, Mzee Mudrik. Hakuna hata tundu la mchwa." Kisha akasita. "Ila huyu wa katikati mbona hana kichwa?"

"Mchwa," nikasema.

"Mchwa wa huku wanatumia wembe?"

Hadija alicheka mpaka akakaa chini. Yeye anajua. Asiye na kichwa ni Ismaily, aliyekuwa mfalme, daktari na bwana harusi katika kila mchezo, mimi nikiwa askari wa mlangoni. Nilimwonea wivu, basi, niseme ukweli. Alipohamia Nachingwea nilichukua wembe nikamshughulikia, picha kumi na moja, taratibu kama kinyozi.

Ningeendelea na uongo wangu kama asingekuwepo Rukaiya, binti wa Ismaily, aliyeongozana na Titus. Baba yake alifariki yeye akiwa bado tumboni, na picha za kwao ziliungua pamoja na nyumba.

"Baba Mdogo, nimekuja kumwona tu," aliniambia. "Sura yake siijui."

Akafunua albamu hadi mwisho, akarudi mwanzo. Hakulia. Afadhali angelia.

Aibu ilinishika kweli. Nikaenda chumbani, nikatoa chini ya godoro picha ya kumi na mbili, niliyomficha hata Hadija. Mara moja tu nililazimisha nipewe ufalme, na mbele ya watu wote wa kijiji cha Mtua nikasahau kila neno. Pichani nimeachama, taji limenishuka mpaka puani. Ismaily, waziri wangu, ameniinamia sikioni. Watazamaji walidhani ananipa siri za nchi, kumbe ananisomea maneno yangu, na alinisomea hivyo mpaka mwisho, nikapigiwa makofi mimi. Kichwa hicho sikukikata kwa sababu kingeondoka na sikio langu.

Hadija hakucheka tena. Titus akauliza aandike majina gani, nikamwambia aanze na Ismaily.

Rukaiya aliishika picha muda mrefu, kisha akajigusa pua.

"Kumbe ni yake," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ni yake, na kwamba pua hiyo nimeikata mara kumi na moja kwa mkono wangu, anisamehe.