Subiri Nipungue Kwanza

Wifi yangu hakuwa mnene. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, kazaa watoto watatu, wa mwisho kwa operesheni iliyomwachia kovu toka kitovuni kwenda chini, na anapenda chakula chake. Kama huo ni unene, basi mimi ni nyumba ya ghorofa. Lakini nenda kamwambie yeye! Kioo kirefu cha chumbani alikigeuzia ukutani, akabaki na kidogo cha kuangalia uso tu.

Nayajua haya kwa sababu naishi nao. Mume wangu alipofariki, mdogo wangu, fundi makochi, alinipa chumba cha uani, na mkewe akanipokea kwa mikono miwili. Tukitaniana mimi na yeye, mgeni angedhani tunagombana.

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Siku moja mtoto alimshika tumbo mbele ya wenzake akamuuliza, "Mwalimu, mtoto wako anazaliwa lini?" Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka nao. Alipofika nyumbani alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Tangu hapo akawa anabadilisha nguo gizani, na mumewe akiingia chumbani anavuta shuka hadi kidevuni. Mdogo wangu hakumsumbua. Alidhani ni jambo la kupita.

Kisha macho ya mdogo wangu yakaanza kumsumbua. Alivalisha kochi la mteja kitambaa ndani nje, sisi tukacheka, mteja hakucheka. Tulipomfikisha hospitali, daktari wa macho alitueleza bila kuzunguka: ni presha ya macho, imechelewa kugundulika, na kilichokwisha kuharibika hakirudi. Dawa ya matone itavuta siku tu, pengine miezi. Wifi akabubujikwa na machozi pale pale kwenye benchi. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyetubembeleza.

Akaanza kuaga vitu kwa macho. Aliwaita wanawe wote, wakaja, akawakodolea mpaka wakaona haya. Mimi pia alinitazama sana, nikamwambia atanitoboa. Kwa mkewe alikuwa na ombi moja, nami nililisikia kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Wifi, mdogo wako kaniomba jambo," alisema. "Anataka kuniona."

"Kwani hakuoni?"

"Kuniona, wifi. Nilivyo. Mchana, bila nguo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia asubiri nipungue kwanza. Fikiria, wifi. Hicho ndicho atakachobaki nacho. Maisha yake yote akinikumbuka, atakuwa ananiona hivyo. Sitaki abaki na hili tumbo."

"Una wazimu wewe. Ugonjwa hauna subira."

"Kidogo tu," akasema, akaendelea kuanika.

Basi akakaza buti. Alfajiri yuko barabarani anatembea. Asubuhi maji ya moto na ndimu, mchana matango, jioni ananitazama mimi ninavyokula kana kwamba nimempora. Nilimwambia atatoweka tuanze kumtafuta kwa matangazo. Akapungua kweli. Nguo zikawa zinamning'inia, mishipa ya shingo ikajitokeza, na nilipomwambia amezeeka ghafla, akafurahi, kwa vile alisikia tu kwamba amebadilika.

Mumewe akiuliza, jibu lilikuwa lile lile, bado kidogo. Na yule bwana, kwa upole wake wa kijinga, hakutaka kumharakisha. Hakumwambia kwamba kikombe anakipata kwa kupapasa, wala kwamba nyumba ameikariri kwa miguu. Mimi nilimkuta anaamkia koti lililotundikwa mlangoni, akidhani ni mgeni. Akanishika mkono.

"Dada, usimwambie," akasema. "Ataona haya, atakuja kabla hajawa tayari. Nataka aje mwenyewe, kwa moyo wake."

Nikamtii, na roho ikaniuma.

Jumamosi moja wifi akanifuata uani, kajipaka mafuta, uso unang'aa kama wa bi harusi.

"Leo mtu asiingie ndani," akaninong'oneza.

Nikaenda kukaa kwenye karakana ya mdogo wangu, katikati ya sponji na misumari. Haukupita muda nikasikia wifi amepiga ukelele. Nilipomfikia alikuwa ameshatoka chumbani, yuko ukumbini amejifunga shuka, ameketi sakafuni.

Alinieleza baadaye yaliyopita chumbani. Alisimama dirishani, pazia amelisogeza lote, jua limejaa chumba. Mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Haya," akamwambia. "Niangalie."

Mume akageuza uso taratibu, akatabasamu, akasema, "Fungua pazia basi, mke wangu."

Ndipo alipopiga ukelele. Mume akainuka, akamfuata kwa sauti, akamgusa. Mikono ile inayojua kitambaa kwa kukigusa tu ikapita mbavuni, kiunoni, ikafika kwenye kovu, na safari hii wifi hakuiondoa.

"Mbona umeisha hivi?" akamuuliza.

"Nilipungua kwa ajili yako."

Mumewe akasema, "Mimi nilitaka kumwona yule uliyekuwa unanificha."

Siku nyingi ilikuwa nyumba ya msiba bila maiti. Wifi aliacha matembezi, akaacha ndimu, akawa anapika na kula bila hamu, na mwili wake ukarudi polepole. Mlango wa chumba hakufunga tena. Nilimwona akivaa mchana kweupe, mumewe hatua mbili kutoka kwake, uso ameuelekeza ukutani. Nililia sana siku hiyo.

Jioni moja tulikuwa jikoni, wifi anamenya viazi. Mdogo wangu akaniita.

"Dada, wewe ulimi wako hauna breki. Hebu niambie, wifi yako yukoje sasa?"

Nikamtazama wifi, nikitegemea atainuka atoke. Akaweka kisu chini, akakaa wima.

"Mwambie," akasema. "Usinipambe."

Nikaanza. Nywele zimeingia mvi pembeni, anazibana nyuma. Kidevu kimepata mwenzake. Mikono imejaa, ikitikisika anapomenya. Tumbo limerudi, akikaa linampumzikia mapajani. Mdogo wangu alikuwa amenielekea, mdomo wazi kidogo, hataki neno limpite.

"Endelea," akasema.

Sikuweza. Wifi akaona, akaendelea mwenyewe, kwa sauti ya darasani, pole pole, akimweleza mapaja, matiti yaliyoshuka, kovu lilivyo jeusi katikati na lilivyofifia pembeni. Hakuruka kitu. Mumewe akawa anaitikia kwa kichwa kila baada ya neno, na machozi yakimtoka kwenye macho yale, ambayo sasa hayakuwa na kazi nyingine.