Kirusi cha Mama Awuor

Watu wa Kaloleni hawahitaji maabara. Macho ya watoto kumi na mmoja yalipogeuka manjano, walikuwa na jibu kabla mimi sijafungua jokofu la sampuli: ni uji wa Mama Awuor. Ushahidi? Naye macho yake yalikuwa ya manjano. Basi, kesi imekwisha.

Nimezaliwa mtaa huo, na kazi yangu ni kusoma vinasaba vya virusi. Mama Awuor alinifuata hadi kwa mama yangu. Kwa miaka ishirini amepika uji wa mikutano ya matanga pale ukumbi wa mtaa. Sasa sufuria yake hairuhusiwi hata kuvuka mlango.

"Lenah mwanangu, niletee karatasi ya vipimo. Uje uwasomee mwenyewe."

Nikafanya kazi. Homa ya ini aina A ni ugonjwa mmoja, ila virusi vyake vina koo zao, kama sisi. Virusi vya watoto wote vilikuwa vya ukoo mmoja, na ukoo huo huo niliukuta katika maji ya bomba la ukumbi, linalopita kando ya mtaro wa choo. Kikulacho ki nguoni mwako. Kirusi cha Mama Awuor kilikuwa cha ukoo mwingine kabisa. Hakumwambukiza mtoto hata mmoja.

Ruhusa ya wakubwa wangu ya kutangaza majibu ilichukua miezi mitatu. Nami, mjinga, nikangoja.

Siku ya mkutano niliwasomea. Jackton, mwenyekiti, alisikiliza kwa heshima zote.

"Asante, daktari. Lakini si hata yeye alikuwa mgonjwa? Macho si yalikuwa yelo?"

"Alikuwa, na amepona kitambo. Shida ni bomba!"

"Tumeskia. Hiyo bomba tutaangalia."

Nilipandwa na hasira. Nikamwita Mama Awuor, aliyekuwa akingoja nje na sufuria yake. Aliingia, akachota uji wa moto, akanipa kikombe cha kwanza mbele ya wote. Nilijua amepona. Nilijua uji umechemka. Mkono wangu ukasita.

Sekunde mbili, pengine tatu. Kisha nikanywa wote, nikajilamba midomo kama mpumbavu. Hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Mama Awuor alifunika sufuria, akakichukua kikombe mkononi mwangu.

"Hata wewe, Lenah," akasema.