Sauti ya Bibi Nyangi

Bibi Nyangi alitoka Butiama asubuhi, amevaa kitenge chake cha kanisani, kuja kusikiliza nyimbo za harusi za Kizanaki ambazo Marcelina alimrekodi mwezi uliopita. Marcelina ana studio ndogo Iringo, mjini Musoma. Alimkalisha bibi, akawasha wimbo. Likatoka neno moja, sauti ikakwama. Ikatoka nusu ya neno la pili, ikakwama tena.

"Ndivyo nilivyoimba?" bibi akauliza.

"Hapana, bibi. Kompyuta imekuwa nzito. Zamani ilikuwaga inafungua mara moja."

Benson, mume wa Marcelina, alikuwa mlangoni. "Nilikwambia huo mfumo wa Linux utatusumbua. Futa kila kitu, weka Windows."

"Nifute nyimbo za bibi? Sifuti."

Nakala nyingine hakuwa nayo, na wazo hilo lilimshtua. Akaanza kuzihamishia kwenye diski ya nje. Kazi ya dakika chache ilikula asubuhi nzima, lakini zilihama zote. Bibi alikunywa chai, akagoma kuondoka.

Sasa Marcelina akaanza kumsaka mchawi. Aliangalia kama kuna programu inayoielemea diski ya ndani ya kompyuta, hakuna. Akapima afya ya diski yenyewe, nzima.

"Basi ni uzee," Benson akasema.

Marcelina alifungua kumbukumbu za mfumo, ambamo kompyuta huandika kila kinachotokea, akasoma mstari kwa mstari. Diski ilikuwa inapoteza mawasiliano na kompyuta, inaunganishwa upya, inapoteza tena, na mfumo unaipunguzia kasi. Akarudi kwenye vipimo: makosa ya kusafirisha data yalikuwa yanaongezeka huku akiyatazama.

"Diski haina kosa. Njia ndiyo mbovu," akasema. "Ni waya."

Alifungua kasha la kompyuta. Waya wa data ulikuwa umekunjwa vibaya, umebanwa na kifuniko. Madukani jirani alikosa wa aina ile, akampigia binamu yake Evance, fundi wa kompyuta Manyamanyama, Bunda.

"Nitauchomoa kwenye mashine iliyokufa, nimpe kondakta wa basi la Musoma," Evance akasema.

Alasiri Marcelina aliupokea waya stendi, akarudi studio, akaufunga, akawasha. Sauti ya bibi ikajaa chumbani, ubeti baada ya ubeti, bila kukwama. Benson akaingia, akakaa chini kusikiliza.

Bibi Nyangi aliinua mkono.

"Simamisha. Ubeti wa tatu nimeukosea. Washa kinasa chako, mwanangu, tuimbe upya."