Weusi Chini ya Macho ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu anauza krimu za uso, na kwa miezi mitatu alikuwa na weusi chini ya macho kama mtu aliyepigana akashindwa. Sicheki. Haya, nilicheka kidogo. Mtaani walishambatiza jina la Miwani. Dukani wateja walimtazama yeye, wakatazama kopo la krimu, wakalirudisha rafuni. "Mganga hajigangi," nilimtania. Lakini mwenye duka alipomwambia kwamba asipopona hadi mwisho wa mwezi atafute kazi nyingine, utani uliniisha.

Kila mtu akawa daktari. Shangazi alikuja na tango, akamlaza kwenye kochi na kumfunika macho kwa vipande viwili; alipogeuka kuchukua taulo, mgonjwa alishavila. Jirani alileta mifuko ya chai iliyolala kwenye friji. Mume wangu alisema ni simu, mimi nikasema ni mapenzi. Basi kila usiku nikawa namnyang'anya simu saa tatu kamili, naye akalala usingizi wa pono. Asubuhi Miwani ni yuleyule.

Nikampeleka kliniki. Daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alimpima damu akakuta iko sawa.

"Ukiamka unapiga chafya?" akamwuliza.

"Sana."

"Na macho unayafikicha?"

"Mpaka yanawaka."

"Mto unaolalia umejazwa nini?"

Nikamjibia mimi. "Sufi. Na mto wenyewe una miaka kumi na mitano."

"Ni mzio wa vumbi, na kufikicha huko ndiko kunakozidisha weusi. Tupeni huo mto, halafu mtaniambia."

Tatizo ni kwamba mto ule aliujaza mama kwa mikono yake, mwaka mmoja kabla hatujamzika. Siku kumi zikapita, mwezi unayoyoma, na mto uko palepale kitandani. Mimi si mtu wa subira. Jumamosi mchana, nikijua yuko kazini, nilichukua mkasi wangu wa kushonea nikaingia chumbani kwake. Nilikuwa nimefumua pembe moja tu, sufi imeanza kuniingia puani, mlango ukafunguka; kumbe siku hiyo alitoka kazini mapema.

"Dada, usithubutu!"

"Kazi ikuponyoke kwa sababu ya mto? Au bado unanusa harufu ya mama humu?"

Aliketi kitandani, akauvuta mto mapajani. "Harufu iliisha zamani. Haipo hata chembe."

"Sasa unaung'ang'ania wa nini?"

"Wewe una cherehani yake. Kila siku unakanyaga pale alipokanyaga yeye. Mimi nikiutoa huu, nabaki na nini?"

Miaka yote hiyo nilijiambia cherehani ni yangu kwa kuwa fundi ni mimi, wala sikuwahi kumwuliza mwenzangu angependa nini. Niliona haya. Nilimpenda pia, kuliko nilivyowahi kumwambia.

Nikamshika mkono, nikampeleka sebuleni na kumketisha kwenye kiti changu cha cherehani. Nilikata kitambaa cha mto mpya, nikakiweka chini ya sindano.

"Kanyaga taratibu," nikamwambia.

"Nitaiharibu, dada."

"Ikiharibika, ni yako pia. Kanyaga."

"Na ule wa zamani?"

"Utautoa mwenyewe, siku ukiwa tayari. Mimi siugusi tena."

Akafuta pua kwa kiganja. "Leo jioni," akasema.

Kisha akakanyaga, huku analia na kupiga chafya kwa pamoja. Mshono ulikwenda kombo tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama angeufumua palepale, na ukali wake wote nimeurithi mimi. Nilikata uzi, nikamwambia umekaa sawa.