Mbuzi wa Kibosho Aliyegawanywa Manga

Bruda Kalisti alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakujua kusema hapana. Ukimwambia chukua, anachukua. Ukimwambia keti, anaketi. Shirika lake la wamisionari lilipomwambia aende nchi za nje kuitumikia Injili, alisema ndiyo kabla hajauliza nchi ipi. Mama yake huko Kibosho, chini ya Mlima Kilimanjaro, akaenda sokoni siku hiyohiyo kumnunulia sweta tatu nene na soksi za sufu, maana kila mtu anajua nchi za nje kuna barafu.

Nchi za nje ikatokea kuwa Manga, Nyamira, hapo Kenya tu.

Aliposhuka garini na mabegi yake, alitazama kulia akaona migomba. Akatazama kushoto, migomba. Milima, ukungu, akina mama wenye vikapu vya majani ya chai mgongoni, na kanisa kila baada ya hatua mia mbili. Walikuwa wamemtoa kwenye migomba wakamleta kwenye migomba. Tena barafu aliyoizoea kuiona juu ya mlima wa kwao kila asubuhi aliiacha hukohuko. Sweta ndizo pekee zilizopata kazi, kwa kuwa baridi ya Manga alfajiri haina mzaha.

Mama yake hakuambiwa. Alipouliza kwa simu, "Baridi ipo, mwanangu?" Kalisti alijibu, "Ipo, mama," na huo haukuwa uongo. Mama akaenda kuwatangazia majirani.

Desemba ikafika. Sasa, Mchaga haulizwi kama ataenda nyumbani Krismasi. Asipoonekana, watu huuliza amefungwa au amekufa. Na kwa akina Kalisti, Krismasi ni mbuzi, na mbuzi hachinjwi ili aliwe tu, anachinjwa ili agawanywe. Mguu una mwenyewe, mbavu zina wenyewe, kichwa kina wenyewe pamoja na ugomvi wao. Anayegawa ni mwenye mji, kwa kisu chenye mpini wa pembe. Miaka arobaini kisu hicho kilishikwa na baba yake. Mwezi wa tano baba alifariki, kisu kikawa cha mzaliwa wa kwanza, ndiye Kalisti.

Baba yake mdogo, Aloyce, alimpigia simu wiki moja kabla.

"Uko ng'ambo, hatukulaumu," alisema. "Utagawa kwa video. Saa nane mchana kwa saa zetu, ambazo sijui huko kwenu ni saa ngapi."

"Ni saa nane, baba mdogo."

"Ajabu. Basi saa nane kamili. Deo atakukatia, lakini usipoonekana, atagawa mwenyewe. Na unajua, aliyeshika kisu mara moja haachii."

Deo alikuwa mdogo wake Kalisti. Mtu mzuri, lakini aliwahi kupewa kuku mmoja awagawie watu saba, na watu sita wakala shingo.

Jambo hilo lilimuuma Kalisti kuliko alivyotaka kukiri. Shirika lilikuwa limemwambia aache mke, akasema ndiyo. Aache shamba, ndiyo. Aache ng'ombe, ndiyo. Kuhusu kisu hakuna aliyemwambia. Kisu ndicho kitu pekee kilichobaki duniani kinachosema yeye ni mtoto wa mtu fulani, wa mji fulani.

Na kulikuwa na tatizo la kidari. Kidari kilikuwa cha baba, na baba hayupo. Aloyce alikuwa ameuliza, "Kidari cha kaka yangu kinakuja kwangu, au vipi?" Kalisti akasema ndiyo. Kesho yake Deo akapiga: "Kaka, mimi ndiye ninayemkatia huyo mbuzi majani. Kidari changu?" Kalisti akasema ndiyo. Kidari kimoja, ndiyo mbili.

Huku Manga nako alikuwa amesema ndiyo tatu. Watu wa Manga hawawezi kuona mtu akila Krismasi peke yake. Wanaona kama unawatukana. Mzee Nyasani, mwenyekiti wa kigango, alimwalika saa tano, Misa ikiisha tu. Mama Kwamboka, mjane aliyempa chumba, hakumwalika, alimtangazia: "Saa sita utakula kwangu." Wa tatu alikuwa Orpah, jirani wa juu ya mlima, Msabato kamili.

"Sisi hatusherehekei Krismasi," Orpah alimwambia. "Hiyo tarehe haiko kwa Biblia. Lakini mwaka huu imeangukia Sabato, na Sabato watu wanakula. Kuja saa saba."

Kwa Orpah hakuweza kukosa hata kama angetaka. Upande ule wote wa mlima, mtandao wa kubeba video ulikuwa unapatikana mahali pamoja tu: nyuma ya zizi la Orpah, ukiegemea tangi la maji.

Siku ikafika. Kwa mzee Nyasani alikuta kuku mzima, ugali wa wimbi mweusi mkubwa kama kofia ya askari, na mboga za chinsaga zilizolala kwenye maziwa. Mgeni akapewa firigisi. Kalisti alikula taratibu, akidhani akimaliza atakuwa amemaliza. Mzee Nyasani aliangalia sahani tupu akasikitika.

"Bruda, umeonja. Sasa kula."

Saa sita na robo alikuwa kwa Mama Kwamboka, mshipi ameufungua tundu mbili. Mama Kwamboka alimtazama midomo.

"Umekula mahali?"

"Kidogo tu, mama."

"Kwa Nyasani?" Alicheka kwa pua. "Kuku ya Nyasani ilikufa na uzee. Karibu nihudhurie matanga yake. Keti ukule chakula."

Kuku wa pili, ugali wa pili, firigisi ya pili. Saa saba kasoro Kalisti alisimama, akashika meza mpaka nyumba itulie.

"Unaenda wapi na chapati hazijaletwa?"

Hapo ndipo Bruda Kalisti, mtumishi wa Mungu, siku ya kuzaliwa kwake Bwana, alipodanganya. Alisema, "Naenda kumwombea mgonjwa, mama."

"Mungu akubariki," akasema Mama Kwamboka, na akamfungia chapati nne ampelekee mgonjwa.

Alipanda mlima kama mtu aliyebeba gunia kwa ndani. Kwa Orpah hapakuwa na moshi hata kidogo. Kila kitu kilipikwa Ijumaa kabla jua halijatua, kikatiwa kwenye hotpoti tatu kubwa, na hotpoti zikavikwa blanketi mbili na sweta ya mtu mzima, zikaketi kwenye kochi kama wageni. Orpah alizivua moja moja. Mvuke ukatoka.

"Wakatoliki wanafikiri sisi tunakula baridi," alisema. "Weka mkono. Si moto?"

"Ni moto, mama."

"Kula."

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Kalisti alianza. Kuku wa tatu. Alipofika kwenye firigisi, ya tatu siku hiyo, alisimamisha uma.

"Mama," alisema kwa adabu, "nina simu ya nyumbani saa nane. Naomba nisogee hapo nyuma ya zizi."

"Simu ya nini siku ya Sabato?"

"Kuna mbuzi."

Uso wa Orpah ukabadilika. "Unauza mbuzi, Sabato, kwa boma yangu?"

"Siuzi. Nagawa."

Orpah aliwaza. "Kugawa si biashara," akaamua. "Hata Yesu aligawa. Lakini mkate na samaki aligawa, akasema kisipotee kitu. Maliza sahani."

Saa nane kasoro dakika kumi. Ugali haukuwa umepungua, ulikuwa umebadilisha tu umbo. Ndipo nje ikasikika sauti anayoijua.

"Hodi! Huyo mgonjwa anaendelea aje?"

Mama Kwamboka aliingia na mzee Nyasani nyuma yake. Walikuwa wamekuja kumtazama mgonjwa, maana Krismasi mgonjwa hapaswi kuachwa, na kila waliyemuuliza njiani aliwaelekeza kwa Orpah. Mama Kwamboka alitazama kochi, blanketi, hotpoti, sahani. Mwisho akamtazama Kalisti.

"Bruda. Mgonjwa ni nani?"

Kalisti alishika tumbo. "Mgonjwa ni mimi, mama."

"Chapati zangu ziko wapi?"

Orpah, ambaye Kalisti alimkabidhi zile chapati alipoingia na alikuwa ameshaonja mojawapo, alisema, "Kumbe ni zako? Nilishangaa mbona zina chumvi hivi."

"Chumvi? Wewe unalaza kuku ndani ya sweta halafu unaongea juu ya chumvi?"

"Mimi nilimwalika kwanza!"

"Ulimwalika Krismasi na wewe hujui Krismasi!"

"Kusema kweli," akaingilia mzee Nyasani, "mimi ndio wa kwanza kumlisha."

"Wewe nyamaza na kuku yako ya kizee!" wakasema wanawake wote wawili, na huo ndio ulikuwa umoja wa makanisa uliopatikana Manga mwaka huo.

Kalisti alitoka kwa mlango wa nyuma. Hakuthubutu kuiweka sahani chini, kwa hiyo akatoka nayo. Aliegemea tangi, sahani mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia. Saa nane kamili, simu ikalia.

Kwanza akaona sikio la baba yake mdogo. Kisha picha ikatulia: uwanja wa kwao, majani ya migomba yametandazwa, mbuzi juu yake vipande vipande, na Deo amesimama na kisu cha baba mkononi kana kwamba alizaliwa nacho. Nyuma yao majirani wamejaa kama harusini.

"Anaonekana!" akasema Aloyce. "Lo, na sahani ya kuku! Sisi tunakusubiri hapa na njaa."

"Mwanangu," mama akasogea mbele, "kabla ya nyama, geuza simu. Majirani wamekuja kuona barafu."

Hakuna mahali pa kujificha nyuma ya tangi la maji. Kalisti aligeuza simu. Kibosho nzima ikaona migomba, ng'ombe wa Orpah akicheua, na watu watatu wanaokuja mbio kutoka mlangoni.

Ikasikika sauti ya jirani mmoja: "Mbona ng'ambo ni kama kwetu?"

"Hata ng'ombe ana sura ya huku," akasema mwingine.

Mama Kwamboka akaingiza uso kwenye simu mpaka pua ikajaa kioo. "Habari ya huko! Msiwe na wasiwasi, mimi ndio namlisha huyu mtoto yenu."

"Anadanganya," akasema Orpah kutoka nyuma. "Sahani ni yangu. Angalieni maua yake."

"Kaka," Deo akakata maneno, "nyama inaingia nzi. Gawa, au nigawe."

Kalisti aliigeuza simu imtazame yeye. Akaanza kama alivyomsikia baba yake akianza kila mwaka. Mguu wa nyuma, shangazi. Mbavu za kulia, wajomba. Kichwa, vijana wagombane. Deo alikata, sauti ya kisu ikasikika mpaka Manga. Mzee Nyasani alivua kofia, akawa anaitikia kila kipande kwa kichwa kama yuko kanisani.

Kikabaki kidari.

Aloyce alisogea hatua moja. Deo hakusogea, lakini alikishika. Wote wawili walimtazama Kalisti kwa macho ya watu walioahidiwa.

"Si ulisema ndiyo?" akauliza Aloyce.

"Ndiyo gani?" akasema Deo. "Ndiyo ni yangu."

Kalisti alifungua kinywa, ndiyo ya tatu ikiwa tayari kwenye ulimi. Tumboni firigisi mbili zilipanda, zikamkumbusha ndiyo zake za siku hiyo zilimfikisha wapi. Nyuma ya Deo alimwona mama yake. Ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, haombi kitu. Tangu mwezi wa tano hakuna aliyemuuliza anataka nini.

"Hapana," alisema Kalisti.

"Hapana nani?" akauliza Aloyce.

"Hapana wote. Kidari ni cha mama."

Kibosho ikalipuka. Mwanamke hali kidari, haijapata kuonekana, ng'ambo kumemharibu kijana. Aloyce alisema tena, na Kalisti akasema hapana tena, na safari hii ilitoka nene, kama ya watu wa Manga kabisa, mpaka Mama Kwamboka akamgusa Orpah kwa kiwiko.

"Sikia," alisema. "Anaweza."

Mama yake aliinuka. Alikichukua kidari mkononi mwa Deo, akakipima uzito.

"Mimi nina meno manne," alisema, na majirani wakacheka. "Lakini ni changu?"

"Ni chako, mama. Mgawaji ameshasema."

"Basi kisiguswe. Nakitundika juu ya jiko kikauke, mpaka mwenyewe arudi tukile wote."

"Anarudi mwaka wa kesho kutwa!" Deo alilia. "Kitakuwa kimekuwa kiatu!"

"Basi atakivaa," akasema mama, "maana naona huko hakuna barafu, ila matope." Akaisogelea simu mpaka likabaki jicho moja. "Umesema hapana kama baba yako. Sweta unavaa?"

"Navaa, mama."

Mtandao ukakatika. Kalisti aliitia simu mfukoni. Kisha akageuka. Watu watatu walikuwa wamesimama mbele yake, wakimtazama kwa heshima. Mzee Nyasani alirudisha kofia kichwani.

Kalisti aliona hiyo ndiyo nafasi yake. Alinyoosha sahani kwa Orpah, akakaza sauti ileile nene.

"Hapana, mama. Nimeshiba."

Orpah alimtazama sana. Akaitazama sahani. Akaichukua.

"Sawa," alisema. "Hii imepoa. Nakuletea nyingine."